Katuni za Ubongo zinafundisha hesabu, ila zinaficha ya kwao

Ubongo Kids ilianza kurushwa TBC1 Januari 2014. Kama nyumbani kuna mtoto, huhitaji kutambulishwa: ni katuni ya Kiswahili, inatengenezwa Dar es Salaam, na inafundisha hesabu na sayansi kwa hadithi na nyimbo. Mwaka 2016 ikaja Akili and Me kwa wadogo zaidi, yenye Akili, binti wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Tumezisifia sana, na sifa hizo ni halali. Utafiti wa Dina Borzekowski wa Chuo Kikuu cha Maryland, uliofanyika Morogoro na kuchapishwa 2018, ulikuta watoto walioonyeshwa Akili and Me wakiwazidi wenzao katika kuchora, kutambua maumbo na kuhesabu.

Lawama yangu inaanzia hapo hapo, kwenye kuchora.

Hebu watazame wahusika wenyewe. Maumbo machache, rangi bapa, vivuli haba. Mtu anaweza kudhani ni uvivu. Wala! Katuni ya televisheni inahitaji picha kama 25 kwa sekunde, yaani picha 1,500 kwa dakika moja, na kila mstari unaouongeza usoni mwa mhusika utakudai kote huko. Aliyepunguza mistari alikuwa anapiga bajeti.

Katika katuni za aina hii picha zote hizo hazichorwi kwa mkono. Mchoraji anaweka mkono wa mhusika mahali pa kuanzia na pa kumalizia, programu inajaza katikati. Tuseme kiganja kinatoka alama ya 100 kwenda 400 kwenye skrini, na t ni sehemu ya muda iliyopita, kuanzia 0 hadi 1. Njia rahisi ni 100 + 300t. Robo ya muda ikipita, kiganja kiko 175. Shida ni kwamba mkono utakwenda kama roboti: unaanza ghafla, unasimama ghafla. Basi mahali pa t unaweka t²(3 − 2t). Sasa robo ya muda ikipita kiganja kiko karibu 147 tu. Kimeanza taratibu, kitakolea katikati, kitapoa mwishoni. Ule ulaini unaoupenda mhusika akipunga mkono ni aljebra ya sekondari.

Katika vipindi nilivyotazama, hesabu ipo sokoni, shambani na jikoni. Kwenye picha yenyewe haitajwi. Watoto wanafundishwa pembe na maumbo na wahusika ambao wao wenyewe ni pembe na maumbo, na hakuna anayewanong'oneza siri hiyo. Kwa mtoto wa miaka minne haina neno. Kwa mtazamaji wa Ubongo Kids anayekaribia sekondari, ni nafasi iliyopotea.

Kwa nini nalikomalia? Kwa sababu hapa Singida neno "grafiki" ni meza yenye kompyuta na printa karibu na stendi: kadi za harusi, fulana, mabango, lebo za mafuta ya alizeti. Ni kazi halali na inalisha watu. Lakini imezaa imani kwamba grafiki ni kimbilio la walioshindwa hesabu. Kijana anaitelekeza hesabu mapema, anajiambia yeye ni mtu wa picha. Kumbe mtaala wa kidato cha nne tuliosoma sisi ulikuwa na vekta na matriki: kuzungusha umbo, kulikuza, kuliakisi. Hiyo ndiyo injini ya kila katuni na kila gemu ya simu. Tuliikariri kwa ajili ya mtihani, hakuna aliyetuambia kwamba inachora.

Na kazi zenyewe zina sura tofauti. Yupo mbunifu anayeamua mhusika aonekaneje. Yupo anayeandika programu inayomchora. Katikati yuko anayemfungia mhusika mifupa ya kidijitali ili kiwiko kikunjike panapostahili. Huyo anahitaji jicho na aljebra kwa pamoja. Anayekimbia hesabu anajifungia milango miwili kati ya mitatu. Kompyuta bado ni ghali, sikatai, lakini programu siyo kisingizio tena: Blender ni ya bure, na ndiyo iliyotengeneza Flow, filamu ya Latvia iliyoshinda Oscar mwaka 2025.

Kulalamika bila kupendekeza ni rahisi, kwa hiyo hiki hapa kipindi ninachokitaka. Watoto wako kwenye shamba la alizeti, wanajaribu kuchora ua na halitoki. Kanuni aliyoichapisha Helmut Vogel mwaka 1979 ni fupi: kila mbegu mpya izungushwe nyuzi 137.5 kutoka iliyotangulia, na umbali wake kutoka katikati ufuate kipeuo cha pili cha namba yake. Mbegu ya 4 inakaa umbali wa 2, ya 9 umbali wa 3, ya 100 umbali wa 10. Ukifika mbegu 500, alizeti imekutazama usoni. Kisha mmoja wa wahusika, mtundu, abadilishe pembe iwe nyuzi 120. Ua linakufa, inabaki mistari mitatu mitupu. Mtoto wa Iramba au Mkalama, aliyeliona ua hilo shambani tangu anatambaa, atajua papo hapo lipi ni la kweli. Na kwa lugha ya Python, ambayo nayo ni ya bure, mchoro wote hauzidi mistari kumi.

Ubongo wana wachoraji, wana watunzi wa nyimbo, na tayari wana masikio ya watoto. Wafungue tu mlango wa jikoni kwao, watoto waone chakula kinavyopikwa.