Mwalimu Aliyeandika Nyimbo za Bara Hindi

Sisi tukaao Buguruni twasikia mdundiko ukipita njiani, na wazee waujuao vema wazidi kupungua. Kwa hiyo twapenda wasomaji wetu wamjue Vishnu Narayan Bhatkhande, aliyezaliwa Bombay mwaka 1860 akafariki mwaka 1936.

Alisomea sheria, lakini aliuacha uwakili akazunguka Bara Hindi mji kwa mji, akiwatafuta mafundi wa kuimba. Wengi walizificha nyimbo zao, wakawarithisha watoto na wanafunzi wao tu. Yeye alizisikiliza, akaziandika kwa alama nyepesi, akazipiga chapa. Mwaka 1916 aliwakusanya wajuzi mjini Baroda, na mwaka 1926 yeye na wenzake walifungua chuo cha muziki Lucknow.

Je, kazi yake haina ila? Inayo. Alizigawa raga, yaani njia za sauti azifuatazo mwimbaji, katika mafungu kumi, na ziko zisizokaa sawasawa katika fungu lolote. Tena karatasi haishiki jinsi sauti iteleleavyo kooni. Jambo hilo hufunzwa kwa sikio.

Lakini ila hiyo ni ndogo kuliko hasara ya wimbo kuzikwa pamoja na mwenyewe. Siti binti Saad alikwenda Bombay hiyo hiyo mwaka 1928, sauti yake ikatiwa katika santuri, na hata leo twaisikia. Wazee wetu wa mdundiko nao wafuatwe upesi, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.