Mpaka Mstari Ukae Juu ya Mlima

Ukingoni mwa Lyamba lya Mfipa, pale uwanda wa Ufipa unapokatika ghafla na kuteremkia Ziwa Rukwa, mpima ardhi anasimamisha miguu mitatu ya kifaa chake juu ya alama ya zege. Anakanyaga mguu mmoja mmoja hadi uzame udongoni, anazungusha skrubu, anangoja kiputo cha pimamaji kitulie katikati ya duara. Halafu anapima kwa futikamba kutoka kwenye alama hadi kwenye antena ya kifaa inayopokea ishara za setilaiti, pande tatu, na kuandika vipimo vyote kwa penseli. Visipolingana, anaanza upya.

Anachokiandaa ni ramani ya kutazamia: unainua kishikwambi kuelekea bondeni, na juu ya picha ya kamera yanatokea majina ya vilima, njia na vijiji, kila kitu mahali pake. Majeshi yameusukuma sana ujuzi huu. Kofia ya rubani wa F-35 humletea mbele ya macho yale yaliyonaswa na kamera zilizozunguka ndege, hata ya chini ya sakafu yake. Huku Ufipa vifaa ni vya bei ndogo, hesabu ni ileile.

Anaanza na miinuko. Data yake ilichukuliwa kwa rada kutoka chombo cha anga za juu Endeavour, siku 11 za Februari 2000. Ni nzuri, ila penye msitu mzito kama wa Mbizi rada haifiki chini, hivyo miti huhesabiwa kuwa mlima. Anapunguza, sehemu kwa sehemu.

Kisha ramani za zamani za 1:50,000. Hizi zina ukoo wa kijeshi: Martin Hotine, afisa mhandisi wa jeshi la Uingereza, ndiye aliyeongoza upimaji wa mnyororo wa pembetatu magharibi mwa Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1930, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia akawa mkurugenzi wa upimaji wa jeshi. Ramani zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960, nao haulingani na wa setilaiti. Ukizibandika bila kuzigeuza, kila kitu kinahama kama mita 300. Kwenye ukingo huu, mita 300 ni barabara kuning'inia hewani.

Ugumu wenyewe uko kwenye kuoanisha. Mpima anavisikiliza vyanzo vyake kama mzee wa baraza anavyosikiliza mashahidi: hamfukuzi yeyote, ila kila neno analipa uzito kwa kadiri anavyomjua msemaji. Jairoskopu ya kishikwambi ni nyepesi kuhisi mgeuko, lakini hupotoka kidogo kidogo. Dira haipotoki hivyo, ila chuma cha gari huidanganya. Programu huvichanganya kwa hesabu aliyoitoa Rudolf Kalman mwaka 1960: kisia, linganisha na kipimo kipya, sahihisha kwa kadiri ya kosa linalotarajiwa. Hilo kosa ndilo analolitafuta yeye mwenyewe. Anakilaza kishikwambi juu ya jiwe, kimya, na kutazama tarakimu zinavyotangatanga ilhali hakuna kilichosogea.

“Mzee, si inatosha?” msaidizi wake anauliza.

“Bado, kijana.”

Sasa anakiinua. Mstari wa matuta ya milima uko pembeni kidogo ya mlima wenyewe. Kosa la nyuzi moja tu, kwa umbali wa kilomita 10, ni kama mita 175. Askari angemdhania mwenzake yuko kilima kingine, na sitaki kufikiria kitakachofuata. Anachagua kilele anachokijua, anasogeza alama hadi ikikalie, kisha anageukia kilele cha pili kuhakiki. Cha kwanza kinakubali, cha pili kinakataa kidogo. Anarudia. Kijiji kilichofichwa na kilima anakichora kwa vinukta, mtazamaji asidhani kiko upande huu.

Mwisho anakuja kwenye sehemu ambazo hajazifikia kwa miguu. Hizo hazipewi nukta. Anazizungushia duara pana, upana wake sawa na shaka yake, na msaidizi anapolalamika kuwa skrini imechafuka, mzee anamjibu kwamba anayetaka nukta aende akapime.