Mwenye Kisu na Aliyechinjwa

Kuachishwa kazi si kukatika mshahara peke yake. Ni kuvuliwa heshima ambayo mtu hurudi nayo nyumbani jioni.

Filamu ya Kimarekani iitwayo Up in the Air, iliyoongozwa na Jason Reitman mwaka 2009, yahusu jambo hili. Ryan Bingham, anayeigizwa na George Clooney, husafiri kwa ndege mji hadi mji akiwafukuza wafanyakazi kwa niaba ya matajiri wasiothubutu kuwatazama usoni. Huwakabidhi makaratasi na maneno matamu. Baadaye yaletwa rai ya kuwafukuza kwa mbali, kupitia kioo cha kompyuta. Mmoja atoa picha za watoto wake, auliza: hawa niwaambie nini?

Wengi wa wanaofukuzwa humo si waigizaji. Ni watu waliopoteza kazi kweli, katika miji kama Detroit na St. Louis. Nyuso zao hazisahauliki. Lakini hapo ndipo penye kasoro. Wao wapewa dakika chache, na filamu yote yashughulika na upweke wa Bingham. Mwishoni warudishwa kuzisifu familia zilizowashika mkono, ila nyumbani mwao hatuingizwi. Twaombwa kumhurumia mwenye kisu kuliko aliyechinjwa.

Basi wewe uliye na watu chini yako, ukilazimika kumwachisha mtu, mwendee mwenyewe, mweleze, mlipe haki yake kamili. Riziki yatoka kwa Mwenyezi Mungu. Heshima ya yule mtu siku ile imo mikononi mwako.