Fito za Miwaridi ya Sissinghurst

Mwezi wa sita wageni humiminika Sissinghurst, katika kaunti ya Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, na wengi wao husimama mbele ya mawaridi wakaishiwa maneno. Maua yamejaa toka karibu na udongo mpaka juu, yameegemea kuta za matofali mekundu na kumwagikia njiani. Ukiyatazama unaweza kuapa kwamba hakuna mkono wa mtu uliowahi kuyagusa. Kumbe hakuna tawi hata moja pale lililojiendea lenyewe. Lile unaloliona mwezi wa sita liliamuliwa wakati wa baridi, tawi baada ya tawi, na watu waliopiga magoti kwenye matope.

Vita Sackville-West, mshairi na mwandishi wa riwaya, alizaliwa mwaka 1892 katika jumba la Knole, huko huko Kent. Alilipenda jumba lile kuliko kitu chochote, lakini hakulirithi kwa sababu alikuwa mwanamke. Mwaka 1930 yeye na mumewe, Harold Nicolson, walinunua Sissinghurst. Lilikuwa gofu: mnara wa matofali wa karne ya 16, nyumba chache zilizotawanyika, kuta zisizo na paa, na takataka za miaka mingi. Karne ya 18 mabaharia wa Kifaransa waliotekwa vitani walifungwa pale. Harold ndiye aliyepiga mistari: njia zilizonyooka, vyumba vya bustani, nyua za miti zilizonyolewa kama kuta. Vita akaijaza mistari ile mimea mpaka ikafurika. Ukipanda ngazi 78 za mnara ule na kutazama chini, unaiona kazi ya wote wawili kwa mara moja, na unaelewa kwa nini mmoja bila mwenzake asingefika popote.

Lakini mimi nataka kukaa na miwaridi.

Mwaka 1939 alikuja mtunza bustani mkuu aitwaye Jack Vass, ambaye kabla ya hapo alifanya kazi kwenye bustani za Cliveden. Alikuja na ufundi wa kukunja. Msingi wake ni huu: tawi la mwaridi likiachwa lisimame wima, jicho la nchani hujitwalia nguvu zote, na macho ya chini yake hubaki yamelala. Utapata tawi refu, tupu, lenye maua machache huko juu, mbali na macho na pua ya mtu. Lilaze tawi lile lile mpaka lifuatane na ardhi, na ubabe wa ncha unakwisha. Macho yote huamka, na kila moja hutoa kijitawi chake chenye maua.

Kwa hiyo, baridi inapoingia, mikasi hutolewa. Huanza na miwaridi inayotambaa kwenye kuta. Matawi yaliyochoka hukatwa, majani yaliyosalia hutolewa, kisha matawi mapya hufunguliwa na kulazwa upya kwenye waya, kila moja mahali pake, yasikwaruzane. Mmojawapo ni 'Madame Alfred Carrière', mweupe, uliopandwa mwaka ule ule wa 1930 kwenye ukuta wa nyumba ndogo iitwayo South Cottage. Hapo ngazi na mtu aliye juu yake hukaa siku nyingi.

Ya ukutani ikiisha, ndipo watunza bustani wanashuka kwenye vichaka. Hapa ndipo kazi inaponivutia zaidi. Mtunza bustani huchukua ufito wa mhazeli, huchomeka ncha moja ardhini, huupinda taratibu, kisha huchomeka ncha ya pili, umekuwa upinde. Huchomeka mingine kuuzunguka mwaridi. Ndipo hushika tawi kwa mikono miwili, mmoja karibu na shina, mwingine mbele, na kulishusha huku dole gumba likitembea kwenye gome kulisikiliza. Tawi huonya kabla ya kuvunjika: hukakamaa kidogo. Mwenye haraka hasikii onyo hilo, na atabaki na kipande mkononi. Mwenye subira husimama, husogeza dole gumba inchi moja, na tawi hukubali. Kisha hulifunga kwenye upinde kwa kifundo kisichobana, maana tawi litanenepa. Sisi tunasema samaki mkunje angali mbichi. Nao huchagua matawi machanga, yale ya mwaka uliopita, kwa sababu la zamani halikunjiki tena.

Na ufito wenyewe ni ufundi mwingine. Mhazeli hukatwa karibu na ardhi, kisiki kikaachwa kichipue, na baada ya miaka kadhaa kikatoa fito ndefu zilizonyooka. Ufito mbichi hupindika kama mshipi. Ukikauka, hushika umbo ulilopewa.

Vass alipokwenda vitani mwaka 1941, alimwachia Vita agizo moja: watunze nyua za miti, mengine yote yataweza kurudishwa baadaye. Naona hapo palisema fundi. Ua ulioharibika huchukua miaka mingi kupona. Kitanda cha maua hupandwa upya msimu ujao.

Mwaka 1959 walikuja mafundi wengine wawili, Pamela Schwerdt na Sibylle Kreutzberger, waliosomea shule ya bustani ya Waterperry. Walikaa mpaka 1990. Vita alifariki mwaka 1962, na mwaka 1967 mahali pale pakaingia mikononi mwa National Trust, shirika la kuhifadhi urithi la Uingereza, lakini mikasi haikupumzika. Vita anasifiwa sana, na anastahili. Hawa wawili, kwa maoni yangu, wanastahili kutajwa katika pumzi hiyo hiyo, kwa sababu bustani isiyoshikwa hata miaka mitatu si bustani tena.

Ukijaliwa kufika Sissinghurst mwezi wa sita, nusa maua na upige picha zako. Kisha chutama kando ya kichaka chochote cha mwaridi wa kale utazame chini ya majani. Utaona ufito uliopindwa, ncha zake zimezama ardhini, na kifundo cha kamba kilichofungwa wakati wa baridi.