Reniamu Mbili, Jozi Nne: Fuwele Ilivyosomwa

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, wanafunzi wa kemia walifundishwa kwamba atomi mbili zinaweza kushirikiana jozi tatu za elektroni, basi. Gesi ya naitrojeni ndiyo iliyotolewa mfano. Mwaka 1964, F. Albert Cotton, akiwa Massachusetts Institute of Technology nchini Marekani, alidai kwamba katika chumvi moja ya reniamu jozi hizo ni nne. Dai hilo halikuletwa na chombo kipya. Lililetwa na namna ya kusoma vipimo ambavyo wengine nao walikuwa wamevipata.

Eksirei zikipita kwenye fuwele hutawanywa na elektroni. Mpangilio wa madoa yanayotokea humwezesha mtafiti kukokotoa mahali elektroni zilikorundikana, yaani mahali zilipo atomi. Reniamu ina elektroni 75, klorini 17, haidrojeni 1. Kwa hiyo reniamu haijifichi, klorini huonekana bila taabu, lakini haidrojeni iliyo jirani na reniamu humezwa. Jambo jingine ni kwamba eksirei haipigi picha ya bondi. Inachotoa ni umbali na pembe. Bondi ni hukumu ya anayesoma.

Hapo ndipo palipowatatiza wanakemia wa Kisovieti. Mwaka 1963, V. G. Kuznetsov na P. A. Koz'min walichapisha muundo wa chumvi ya aina hiyo, wakaonyesha atomi mbili za reniamu zilizokaribiana kwa pikomita 222. Katika metali ya reniamu yenyewe umbali huo ni pikomita 275 hivi. Waliona kwamba atomi hizo zimeungana. Ila fomula waliyoitumia ilihesabu haidrojeni za ziada, na kwa hesabu hiyo kila reniamu ilikuwa na chaji ya +2. Fuwele haikuweza kuwasahihisha, kwa sababu haidrojeni ndicho kitu ambacho eksirei haikuweza kukionyesha.

Cotton na mwenzake C. B. Harris walichunguza chumvi ya potasiamu, K₂[Re₂Cl₈]·2H₂O. Umbali waliopima ulikuwa pikomita 224, karibu sawa na ule wa Kisovieti. Tofauti ilikuwa kwenye hesabu. Potasiamu mbili zina chaji ya +2, basi ioni iliyobaki ni −2. Klorini nane zina −8. Ili jumla iwe −2, reniamu mbili lazima zibebe +6, kila moja +3. Reniamu huanza na elektroni saba za nje. Ikipoteza tatu hubaki na nne. Atomi mbili, elektroni nane, jozi nne. Kampaundi hii pia haivutwi na sumaku, dalili kwamba hakuna elektroni iliyobaki bila mwenzake.

Hata hivyo, ushahidi mzito zaidi haukuwa ufupi wa umbali huo kati ya reniamu. Ulikuwa mkao wa klorini. Kila reniamu imezungukwa na klorini nne zinazofanya mraba, na miraba hiyo miwili imetazamana pembe kwa pembe. Klorini hizo zina chaji hasi, na hasi hufukuza hasi. Zaidi ya hapo, klorini zinazotazamana ziko umbali wa pikomita 330 hivi, karibu kuliko ambavyo klorini zisizoungana hupenda kukaa. Mraba mmoja ungezunguka nyuzi 45 tu, kila klorini ingekaa mkabala na mwanya. Mbona hauzunguki?

Jibu limo kwenye maumbo ya obitali. Jozi ya kwanza, sigma, iko kwenye mstari unaounganisha reniamu mbili, na mzunguko hauidhuru. Jozi mbili za pai, zikichukuliwa pamoja, nazo hazidhuriki. Ya nne, delta, huundwa na obitali zenye ndewe nne zinazotazamana ana kwa ana. Ukizungusha nyuzi 45, mwingiliano wake unakuwa sifuri. Delta ndiyo inayozizuia klorini kukwepana.

Lakini delta ni dhaifu. Rangi ya buluu ya chumvi hizi inatokana na elektroni yake kupandishwa ngazi na mwanga mwekundu, ambao ni mwanga wa nishati ndogo. Ukokotoaji wa Laura Gagliardi na Björn Roos wa mwaka 2003 uliipa bondi nzima thamani ya takriban 3.2, si 4 kamili. Jozi ni nne. Nguvu yake ni pungufu.

Ioni ya osmiamu, Os₂Cl₈²⁻, iliyopatikana baadaye, inakamilisha hoja. Ina elektroni kumi. Mbili za ziada hubatilisha delta, zikabaki jozi tatu. Katika baadhi ya chumvi zake miraba imezunguka na klorini zimepishana. Lakini umbali kati ya osmiamu mbili ni pikomita 218 hivi, mfupi kuliko ule wa reniamu wenye jozi nne. Anayepima bondi kwa urefu peke yake angetoa hukumu kinyume.

Kwa hiyo unaposoma ripoti ya fuwele ya metali nzito, usiishie kwenye namba ya umbali. Dai pia hesabu ya chaji, tabia mbele ya sumaku, na mkao wa ligandi, yaani atomi zinazoizunguka metali kama zile klorini. Namba moja, hata ikiwa sahihi hadi pikomita ya mwisho, haitoshi kuthibitisha bondi.