Sindano usoni haifuati kalenda ya harusi

Uso wa bi harusi wa Unguja una utaratibu wake tangu enzi. Somo, mwanamke anayemfunda bi harusi, humweka ndani siku kadhaa, akamsugua kwa singo ya asumini, mlangilangi na liwa iliyolainishwa kwa marashi ya mawaridi. Siku hizi wapo wanaotaka kuongeza sindano juu ya singo. Rola yenye vijisindano inaagizwa mtandaoni kama kipodozi kingine chochote, na kalamu ya umeme inayochoma kwa kasi inasifiwa kwamba inafuta makovu, inakaza ngozi na kung'arisha uso. Naichambua tiba hii hatua kwa hatua kwa sababu ina manufaa ya kweli, na manufaa hayo hupotea inapofanywa kwa pupa.

Singo hufanya kazi juu kabisa. Inaondoa tabaka la seli zilizokufa, ambalo unene wake usoni ni kama milimita 0.02. Ndiyo maana bi harusi huonekana laini siku ile ile, na ndiyo maana singo haiwezi kuondoa shimo lililoachwa na chunusi. Shimo hilo liko chini zaidi, katika ngozi ya ndani, penye nyuzi za kolajeni zinazoipa ngozi uimara.

Sindano hufika huko. Mwaka 1997 madaktari wa Kanada, Camirand na Doucet, walieleza jambo walilokutana nalo kazini. Walikuwa wamechora tatuu juu ya makovu ya wagonjwa ili yafanane na ngozi ya pembeni. Wino ulififia, lakini makovu yalikuwa yamelainika na kuanza kurudisha rangi yake. Wakatumia mashine ile ile bila wino, wakaona kwamba tiba ilikuwa katika kuchoma kwenyewe. Katika muongo huo huo, Desmond Fernandes, daktari wa upasuaji wa Cape Town, Afrika Kusini, aliitengenezea kazi hiyo rola ya sindano. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha kalamu ya kwanza ya aina hii kwa kazi moja: makovu ya chunusi usoni, kwa watu wa miaka 22 na kuendelea. Kung'arisha ngozi hakukuwamo.

Kinachotokea ndani ni hiki. Kila tundu ni jeraha dogo. Chembe sahani za damu hukusanyika na kutoa ishara za kuita ukarabati. Siku mbili tatu za mwanzo uso huwa mwekundu au wa moto, umevimba kidogo. Baadaye seli za ngozi ya ndani huanza kusuka kolajeni changa, ambayo hubadilishwa taratibu kuwa ile imara. Kazi hiyo huchukua miezi. Kwa hiyo uso unaoonekana umejaa siku ya tatu umejaa uvimbe. Kolajeni yenyewe bado haijasukwa.

Kina cha sindano ndicho kinachoamua mengine yote. Sindano ya milimita 0.2 au 0.3 hufungua njia ya krimu tu. Makovu huhitaji kama milimita 1.5, na makovu mazito zaidi ya hapo. Paji la uso lina ngozi nyembamba juu ya mfupa, shavu lina nyama, kwa hiyo mtaalamu hubadilisha kina kila anapohama sehemu. Kwanza husafisha uso kwa dawa ya kuua vijidudu, hupaka krimu ya ganzi na kuiacha ifanye kazi, kisha huifuta yote. Hufungua kichwa kipya cha sindano mbele ya mteja. Huvuta ngozi kwa mkono mmoja na kupitisha kalamu kwa mwingine, kwa mistari ya wima, ya kukingama na ya mshazari, mpaka vitone vidogo vya damu vichomoze. Vikichomoza, husimama. Anayeendelea kukandamiza ili "ikolee" anazalisha kovu jipya.

Kwa ngozi nyeusi, sindano ina nafuu moja kubwa mbele ya leza. Leza hutoa mwanga mkali, na rangi yetu huufyonza na kuugeuza joto, hivyo madoa meusi hufuata kwa urahisi. Sindano haina joto. Lakini nafuu si kinga. Ukichoma juu ya chunusi mbichi, ukichoma kwa kina kisicholazimu, au ukitoka kesho yake ukatembea juani Forodhani bila kujikinga, madoa yatakuja. Na mwenye mwili unaoota keloidi, yale makovu yanayovimba kupita jeraha lenyewe, asiiguse tiba hii kabla hajaonwa na daktari.

Hatari kubwa zaidi ni kile kinachopakwa baada ya kuchoma. Visiwani kanuni hii inafahamika kwa chale: ngozi huchanjwa kwa wembe ili dawa ipite. Uso uliochomwa mamia ya matundu hupitisha vyote, chema na kibaya. Mwaka 2014 madaktari wa Marekani waliripoti wanawake watatu walioota vinundu usoni baada ya kupakwa vipodozi juu ya ngozi iliyochomwa, wawili kati yao kwa vipodozi vya vitamini C. Sasa fikiria mkorogo, krimu za kung'arisha ngozi ambazo huweza kuwa na zebaki, haidrokwinoni au steroidi. Zebaki na haidrokwinoni zilishapigwa marufuku katika vipodozi nchini, na steroidi kali huifanya ngozi kuwa nyembamba na dhaifu. Anayetumia mkorogo akajichoma sindano ameipeleka sumu mahali ambapo singo haijawahi kufika.

Halafu kuna damu. Mwaka 2024 taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani ilieleza kwamba wateja wa saluni moja isiyo na leseni huko New Mexico waliambukizwa Virusi vya Ukimwi kupitia huduma ya sindano za uso iliyochanganywa na damu ya mteja mwenyewe. Rola ya nyumbani inayopitishwa kutoka kwa dada kwenda kwa wifi ni sawa na wembe mmoja kwa watu wawili.

Sasa tupige hesabu. Makovu ya chunusi huhitaji takriban vikao vitatu hadi sita, wiki nne au zaidi kati ya kimoja na kingine. Tuchukue vikao vinne kwa harusi ya Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Cha kwanza kiwe Mfunguo Saba, cha pili Mfunguo Nane, cha tatu Mfunguo Tisa, cha nne Rajabu. Shaabani na Ramadhani ngozi iachwe ijenge. Singo ya somo ndiyo ifunge kazi, kwa sababu wakati huo matundu yote yamekwisha kuziba. Aliyebakiwa na wiki mbili asianze kabisa.

Ukiamua kwenda, muulize anayeshika kalamu maswali manne: amefundishwa wapi, sindano hii ni mpya, atachoma kina gani shavuni na kina gani kwenye paji, na atapaka nini baadaye. Mweleze nawe ukweli kuhusu krimu unazotumia. Asiyeweza kujibu maswali hayo kwa ufasaha, usimpe uso wako.