Mwaka 1972 katika Fasihi ya Burundi

Ni desturi ya wahakiki kuupima mwaka wa fasihi kwa vitabu vilivyotoka. Kwa kipimo hicho, mwaka 1972 ulikuwa wa neema kwa Kiswahili: Nairobi ilitoa Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, na Dar es Salaam ikatoa Titi la Mkwe ya Alex Banzi. Nilipoviandika vitabu hivyo ubaoni, katika darasa letu la jioni hapa Zone Industrielle, Bujumbura, mwanafunzi mmoja, fundi wa mitambo, aliuliza: “Mwalimu, na sisi Warundi mwaka huo tulikuwa na nini?”

Swali hilo halijibiwi kwa orodha ya vitabu. Mwishoni mwa Aprili 1972 ulizuka uasi kusini mwa nchi, ukaua Watutsi wengi. Ukafuatwa na mauaji yaliyoendeshwa na dola dhidi ya Wahutu, hasa waliosoma. Walimu walichukuliwa mashuleni, na wanafunzi wao vilevile. Waliokufa hukadiriwa kuwa kati ya laki moja na laki tatu.

Miongoni mwao alikuwamo Padri Michel Kayoya, aliyeuawa mwezi Mei. Mwaka 1968 alikuwa amechapisha Sur les traces de mon père kwa Presses Lavigerie, hapa hapa Bujumbura. Baadaye kikafuata Entre deux mondes. Katika kitabu cha kwanza, mwana aliyepelekwa shule anageuka kuzitazama nyayo za baba yake, na kuuliza ni utu gani wa mlimani unaofaa kuchukuliwa njiani. Anaona fedheha kwamba wageni waliketi Berlin na kuamua nani awe mali ya nani, baba yake asiulizwe neno.

Kwa upande wa fani, Kayoya huchanganya nathari na mistari huru isiyofuata vina wala mizani. Sisi wa Kiswahili tulikuja kugombana juu ya mistari ya namna hiyo Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974. Kayoya hakuwa na ugomvi na kanuni yoyote; alitafuta mwendo wa mtu anayewaza kwa sauti. Dosari yake ni kwamba mara nyingine padri humtangulia mshairi, na fikra iliyoanza kama swali humalizika kama mahubiri. Lakini pale anapomsimulia baba yake tu, bila kufundisha, hana mfano.

Mwingine ni Joseph Cimpaye, aliyepata kuwa Waziri Mkuu mwaka 1961. Naye aliuawa mwaka 1972, akaacha mswada wa riwaya, L'homme de ma colline. Ulichapishwa mwaka 2013, miaka 41 baadaye. Je, mwalimu aiweke riwaya hiyo chini ya mwaka gani? Akifuata tarehe ya kuchapishwa, ataifanya kazi ya kizazi kisichokuwa chake.

Hapa ndipo kipimo cha vitabu kinaposhindwa. Fasihi huhitaji watatu: mwandishi, msomaji, na mwalimu anayewakutanisha. Mwaka 1972 uliwachukua wote watatu kwa pamoja. Mwaka 1973 Nairobi ilitoa tafsiri ya Kiingereza ya kitabu cha Kayoya, naye akapata wasomaji wapya ugenini, hali vijana wengi wa Burundi aliowaandikia walikuwa makaburini au uhamishoni.

Kwa hiyo, ndugu walimu, napendekeza kwamba katika historia ya fasihi tunayofundisha, mwaka 1972 usipitwe kwa kuwa orodha yake ni fupi. Vipande vya Kayoya na vifasiriwe darasani kutoka Kifaransa hadi Kiswahili, na wanafunzi wapewe nafasi ya kumpinga anapohubiri. Hapa Zone Industrielle hawatakosa la kusema. Wengi wao ni watoto wa milimani waliokuja kusimama langoni mwa kiwanda, na swali la nini cha kuchukua kutoka kwa baba ni lao.

Juma lililofuata nilimjibu fundi yule kwa majina hayo mawili. Akayaandika daftarini, kisha akauliza kitabu kinapatikana wapi. Hilo nalo ni swali kwetu sote.